Maumivu ya gegedu za mbavu: jinsi ya kuyatambua, kuyatuliza na kurudi kazini

Kuna maumivu ya kifua yanayochoma pembeni mwa kidari, mara nyingi upande mmoja, yanayokukamata ukipiga chafya, ukijigeuza kitandani au ukinyanyua ndoo. Mtu akiyapata kwa mara ya kwanza hukimbilia kudhani ni moyo, na afadhali adhani hivyo kuliko kupuuza. Lakini vipimo vikitoka safi na maumivu yakaendelea, wengi huachwa njia panda: wanaambiwa hawana kitu, wanapewa Panadol, wanarudi shambani au baharini, na baada ya wiki wako palepale. Mara nyingi kinachouma ni gegedu za mbavu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua, kuzitunza na kurudi kwenye kazi bila kuzichokoza upya, kwa mazingira ya Mtwara na Lindi ambako kazi nyingi hufanywa kwa mikono na kifua.

Kinachouma ni nini hasa

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Mbavu hizo hazigusani na mfupa wa kidari moja kwa moja. Kwa mbele kila ubavu humalizikia kwenye gegedu, ule mfupa laini unaotafunika kama wa ncha ya kidari cha kuku. Jozi 7 za juu zina gegedu zinazofika kwenye kidari zenyewe. Ya 8, ya 9 na ya 10 hujishikiza kwenye gegedu za juu yake. Ya 11 na ya 12 huishia hewani. Maungio haya ya mbele ndiyo hupata shida, na kwa kawaida ni ya ubavu wa 2 hadi wa 5, mara nyingi zaidi ya moja kwa wakati.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hata ukichukua kiwango cha chini, kifua kinapanuka na kusinyaa zaidi ya mara 17,000 kwa siku. Mkono uliovunjika hufungwa plasta ukapumzika, kifua hakifungwi. Tena gegedu haina mishipa yake ya damu, hivyo hupona polepole. Ndiyo maana tatizo hili hupimwa kwa wiki na miezi. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi michache, na kwa kawaida tatizo huwa limeisha ndani ya mwaka. Anayejua hivyo mapema hatahangaika kubadilisha dawa kila siku ya tatu.

Kwa kawaida huoni uvimbe kwa macho. Ukiona kinundu kinachouma, hasa kwenye ubavu wa 2 au wa 3, huenda ni aina nyingine inayofanana na hii, iliyoelezwa mwaka 1921 na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Alexander Tietze. Matunzo yake ni yaleyale, ila kinundu chochote kifuani kikaguliwe na daktari kabla ya kukipa jina.

Chanzo? Mara nyingine hakipatikani. Kinapopatikana, huwa ni kimoja kati ya vitatu: kikohozi cha muda mrefu, pigo la kifua (usukani wa bodaboda ni mfano mzuri), au kazi moja inayorudiwarudiwa. Kwa huku Kusini hiyo ya tatu ina sura nyingi. Kuna kubeba magunia ya korosho kuanzia Oktoba, kuvuta nyavu na kupiga makasia, kuchota maji ya kisima kwa kamba, kutwanga kwenye kinu, na kukuna nazi nyingi kwa siku, kama wafanyavyo mama lishe. Mashine ya kupulizia salfa (unga wa kukinga mikorosho na ukungu) inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu inaumiza kwa njia mbili: mikanda yake inavuta mabega na kukandamiza kifua kwa saa nyingi, na vumbi la salfa linakereketa koo na kuleta kikohozi. Mpuliziaji anayelalamika kifua baada ya wiki mbili za kazi ana sababu mbili za kuchunguza, siyo moja.

Hatua ya kwanza: ondoa hatari

Usianze kujibonyeza mbavu kabla ya kusoma sehemu hii. Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiwa na lolote kati ya haya:

- Kifua kinabana au kinaelemewa kama kuna uzito juu yake, na maumivu yanaelekea mkono wa kushoto, taya, shingo au mgongo.
- Maumivu yanakuja ukitembea au ukipanda mlima na kutulia ukisimama.
- Jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu au kuzimia.
- Kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, au midomo kubadilika rangi.
- Homa pamoja na kikohozi chenye makohozi, au kukohoa damu.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, kupasuliwa, au safari ndefu ya basi kama ile ya Dar es Salaam.
- Maumivu makali ya ghafla na pumzi kukata baada ya kuanguka au kugongwa.
- Una selimundu. Kwa mwenye selimundu maumivu ya kifua ni dharura, hayasubiri kesho.

Wenye kisukari, wazee na wanawake wanaweza kupata shambulio la moyo bila ule mbano unaosimuliwa sana. Wengine huhisi uchovu wa ajabu, kichefuchefu au kukosa pumzi tu. Ukihisi ni moyo, tafuna aspirini ya miligramu 300 (au vidonge vinne vya miligramu 75), mradi huna mzio nayo, huna kidonda cha tumbo kinachotoa damu na daktari hajakukataza. Kisha tafuta gari. Bodaboda si chombo cha kumbebea mtu anayeweza kuzimia njiani.

Yapo pia yasiyo ya dharura lakini yanayodanganya. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya serikali. Kuungua kunakopanda kutoka chembe ya moyo baada ya kula au ukilala kuna uwezekano mkubwa kuwa kiungulia. Maumivu ya kuwasha na kuunguza yanayozunguka upande mmoja kama mshipi yanaweza kuwa mkanda wa jeshi. Malengelenge hutokea siku chache baadaye, na dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya malengelenge kujitokeza. Kwa hiyo angalia ngozi kila asubuhi kwa wiki moja.

Hatua ya pili: jipime kwa kidole

Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo wima, mbele ya kioo kama kipo. Weka kidole kwenye kishimo cha chini ya koo, pale kidari kinapoanzia. Teremsha kidole polepole katikati ya mfupa. Baada ya takriban sentimita 5 utakutana na tuta dogo linalokatisha mfupa. Ubavu wa 2 unaungana na kidari usawa wa tuta hilo, kulia na kushoto. Kuanzia hapo hesabu kwenda chini: bonde, ubavu wa 3, bonde, ubavu wa 4, na kuendelea.

Bonyeza kila ubavu mahali unapokutana na kidari, kisha sogea sentimita 2 hadi 3 kwenda nje na ubonyeze tena. Tumia ncha ya kidole kimoja, kwa nguvu ya kutosha kuufanya ukucha upauke, si zaidi. Fanya upande usiouma kwanza ili ujue hali ya kawaida ikoje, maana kila mtu akibonyezwa hapo anahisi kitu kidogo. Wanawake wabonyeze pembeni kabisa mwa kidari, wasichanganye na titi. Uvimbe wowote ndani ya titi ni suala jingine na unapelekwa kituoni wiki hiyohiyo.

Swali la kujiuliza si kama panauma, bali kama ni *maumivu yaleyale* yaliyokuleta. Ukibonyeza ubavu wa 4 wa kushoto ukasema hapohapo "ndiyo haya", umepata dalili nzito.

Ongeza majaribio mawili. La kwanza, shika kisogo kwa mikono yote miwili, inua kidevu na vuta viwiko nyuma taratibu. La pili, peleka mkono wa upande unaouma mbele ya kifua mpaka ushike bega la upande wa pili, kisha ukandamize kiwiko kifuani huku umegeuza shingo upande unaouma. Gegedu zilizochokozeka hulalamika kwenye moja ya mikao hii au yote miwili.

Hapa pana tahadhari ambayo hata watoa huduma wengine huisahau. Kuuma ukibonyezwa hakumtoi mtu kwenye hatari ya moyo moja kwa moja. Miongoni mwa watu wazima wenye maumivu ya kifua yanayoongezeka wakibonyezwa, 3 hadi 6 katika kila 100 hukutwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa hiyo mwenye zaidi ya miaka 35, na yeyote mwenye shinikizo la damu, kisukari, anayevuta sigara au mwenye ndugu wa damu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, apimwe umeme wa moyo hata kama kidole kimempa jibu.

Hatua ya tatu: hospitalini, uliza nini

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha tatizo hili. Daktari hulitambua kwa maelezo na kwa kukubonyeza. Vipimo vinatumika kuondoa mengine. Picha ya eksirei haionyeshi gegedu vizuri, hivyo ukiambiwa picha ni safi maana yake mapafu na mifupa ni salama, siyo kwamba unajisingizia.

Zahanati inaweza kukupima presha, joto, mapigo na kusikiliza mapafu. Kwa kipimo cha umeme wa moyo, kile wahudumu wanachokiita ECG, utaelekezwa ngazi ya juu. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi mjini kuna Sokoine. Walio upande wa Masasi huenda Mkomaindo au Ndanda, na wa Lindi vijijini Nyangao. Kama hali si ya dharura, piga simu au tuma mtu aulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo kabla ya kutoa nauli ya kutoka Newala au Liwale.

Eleza kwa mpangilio: maumivu yalianza lini, yako ubavu wa ngapi, yanaongezwa na nini, ulikuwa unafanya kazi gani wiki mbili kabla, na umeshameza dawa gani. Hilo la mwisho usilifiche, hata kama ni sindano ya dukani au dawa ya kienyeji. Ukiandikiwa antibiotiki huku huna homa wala kikohozi, uliza kwa heshima inatibu nini. Gegedu zilizochokozwa na kazi hazina bakteria wa kuuawa. Kinyume chake, sehemu iliyovimba, yenye wekundu na joto, pamoja na homa, inaweza kuwa maambukizi ya kweli, na hapo antibiotiki zina kazi.

Hatua ya nne: punguza mzigo

Hii ndiyo tiba yenyewe. Dawa hupunguza kelele tu. Kinachoponya ni kuacha kuchokoza. Na hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu siku dawa inapofanya kazi ndiyo siku wanayorudi kwenye gunia.

Usilale kitandani mchana kutwa. Tembea, fanya kazi nyepesi, pumua kawaida. Unachoacha ni vitu vinne: kunyanyua vizito, kuvuta kwa nguvu, kusukuma, na kufanya mwendo uleule wa mikono mbele ya kifua kwa muda mrefu. Viache kwa wiki mbili hadi tatu za mwanzo.

Maji: ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushee, na kibaya zaidi si kuibeba kichwani bali kuinyanyua kutoka chini hadi kichwani. Tumia madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, uyabebe karibu na mwili. Kisimani mwachie mwingine kamba. Kama hakuna mwingine, kapi juu ya kisima hukuwezesha kuvuta kwenda chini kwa uzito wa mwili badala ya kuvuta juu kwa kifua.

Jikoni: kinu kipumzike, nafaka ziende mashine. Nazi akune mtu mwingine. Kubadilisha mkono hakusaidii sana, maana kifua kinatikisika vilevile. Unaweza kukata vipande ukavipeleka kwenye blenda ya jirani. Ukipika, sogeza sufuria karibu badala ya kuinama na kunyoosha mkono mbele.

Shambani: kuokota korosho umeinama kutwa nzima kunaminya kifua na kukifanya kipumue nusunusu. Okota ukiwa umepiga goti moja, hamisha goti kila baada ya dakika chache, na kila nusu saa simama wima uvute pumzi tano ndefu. Jaza ndoo ndogo uimimine mara nyingi. Gunia la kilo 80 halinyanyuliwi na mgonjwa, hata kwa kusaidiana. Mashine ya salfa isibebwe kabisa mpaka maumivu yaishe, na atakayebeba avae barakoa inayobana puani, siyo kitambaa kilichofungwa kizembe.

Kulala: lala chali ukiwa na mto chini ya magoti, au ubavu usiouma huku umekumbatia mto. Usilale kifudifudi. Kuamka jigeuze kwanza ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa kiwiko. Ukijiinua moja kwa moja kutoka chali utasikia kisu.

Kikohozi na chafya: kunja kanga mara nne nne mpaka iwe kifurushi kinene, iweke kifuani na uikumbatie kwa nguvu kila unapokohoa. Inasaidia kuliko inavyoonekana. Lakini usijifunge kanga kuzunguka mbavu ukaikaza kutwa. Nafuu utaipata, ila utaanza kupumua juujuu, sehemu za chini za mapafu hazitajaa hewa, na hapo unaikaribisha nimonia.

Joto, barafu na dawa

Kama chanzo ni pigo, saa 48 za kwanza tumia barafu: bonge dogo, hata la barafu ya samaki, ndani ya mfuko uliofungwa na kuzungushiwa taulo, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Lisiguse ngozi moja kwa moja. Kama hakuna pigo, au saa hizo zimepita, joto hupendeza zaidi. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, jaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono, kisha kanda dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga hufanya kazi ileile. Ukishapaka dawa ya kuchua yenye mentholi usikande juu yake, ngozi itaungua.

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mzima, kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku anahitaji kiasi kidogo zaidi, na aulize. Msimu wa mabibo hili lina maana yake: uraka (pombe ya mabibo) wa kila jioni pamoja na vidonge 8 kwa siku ni mzigo mkubwa kwa ini.

Isipotosha, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, unaweza kuitumia pamoja na parasetamoli. Usiitumie ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, presha isiyotulia, pumu inayochochewa na dawa za jamii hii, ukiwa mjamzito, au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama una homa isiyojulikana sababu, iache ibuprofeni, aspirini na diklofenaki mpaka upimwe malaria na dengi ifikiriwe. Kwenye dengi dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kosa la kawaida dukani: mtu anachomwa sindano ya diklofenaki asubuhi, anapewa vidonge vya ibuprofeni vya kwenda navyo, na nyumbani ana vidonge vya "maumivu ya mgongo" ambavyo ndani yake mna diklofenaki tena. Zote tatu ni jamii moja. Nguvu haziongezeki kwa kiasi hicho; kinachoongezeka ni hatari ya tumbo na figo. Soma majina madogo nyuma ya pakiti, au mwombe muuzaji wa duka la dawa muhimu akusomee. Anayeogopa tumbo atumie jeli ya diklofenaki ya kupaka, kiasi cha urefu wa kidole, mara tatu kwa siku juu ya ubavu unaouma. Inaingia kidogo sana kwenye damu.

Kwa watoto na vijana, ambao nao hupata tatizo hili hasa kwa michezo na kubeba mizigo, kipimo cha dawa hufuata uzito. Aspirini wasipewe.

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi kwa mkono mwepesi hakuna ubaya. Kukandamizwa mbavu mpaka zilie, kuchanjwa chale na kuumikwa kwa wembe uliotumika, hapana. Unaongeza jeraha juu ya sehemu inayotaka kutulia, na pepopunda na maambukizi ya damu hupita hapohapo.

Hatua ya tano: mazoezi

Pumzi huanza siku ya kwanza. Lala chali, magoti juu, mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, tumbo liinue mkono, toa kwa mdomo ukihesabu mpaka 6. Pumzi 5 hadi 10, mara nne kwa siku. Nenda mpaka mpaka wa maumivu, usivuke.

Mengine yasubiri mpaka maumivu makali yapoe, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu.

Mlangoni: simama katikati ya fremu, weka mikono ya mbele kwenye miimo, viwiko chini kidogo ya mabega, mguu mmoja mbele. Egemea mbele mpaka usikie kifua kinavutika. Shikilia sekunde 15, baadaye 30. Mara tatu, asubuhi na jioni. Anayepandisha viwiko juu ya mabega siku ya kwanza kwa kawaida hujutia usiku.

Mabega: kaa wima, vuta makombe ya mabega (mifupa bapa ya mgongoni) yakaribiane bila kupandisha mabega shingoni, sekunde 5, mara 10.

Mgongo: viringisha kitenge au taulo liwe nene kama mkono, lilaze mkekani kwa upana, ulale juu yake likiwa usawa wa makombe ya mabega. Tulia dakika moja, ongeza hadi mbili. Mgongo wa juu uliokakamaa hulazimisha mbavu za mbele zifanye kazi zaidi, kwa hiyo zoezi hili lina thamani kubwa kwa wavuvi na waokota korosho ambao hujikunja kutwa.

Kipimo cha kujua kama umezidisha: maumivu wakati wa zoezi yasipite 3 kwa 10, na kesho yake asubuhi yasiwe makubwa kuliko jana. Yakiwa makubwa, punguza nusu. Usiache kabisa.

Kurudi kwenye kazi nzito

Subiri mpaka uweze kukohoa, kuvuta pumzi mpaka mwisho na kubonyeza ubavu ule bila kushtuka. Hapo anza na kilo 5 (dumu la lita 5 lililojaa), safari chache. Siku tatu bila malalamiko, panda hadi 10. Siku tatu nyingine, 15. Kwa mpango huu ndoo ya lita 20 inarudi baada ya takriban siku 10 ikiwa hakuna malalamiko, na magunia na nyavu baada ya hapo, kwa kusaidiana kwanza. Siku mbaya zitakuwepo, hasa ukipata mafua. Rudi hatua moja nyuma, kanda, endelea.

Tatizo likitokana na kikohozi, kikohozi kitibiwe, la sivyo unachota maji kwa pakacha. Vivyo hivyo moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha.

Rudi hospitali kama wiki tatu za kufuata haya hazijaleta nafuu yoyote, kama maumivu yanakuamsha kila usiku bila kujali mkao, kama unapungua uzito au unatoka jasho la usiku, kama viungo vingine vimeanza kukakamaa asubuhi, au kama kimejitokeza kinundu. Omba kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa maumivu yaliyogoma kwa miezi, daktari anaweza kuchoma sindano ya ganzi na steroidi kwenye ungio lenyewe. Hiyo huchomwa na daktari anayejua kina cha pafu lililo chini yake, siyo dukani.